Ndege Iliyokuwa ya Kweli Ukiitazama Kutoka Juu

Jua halijachomoza Ngokolo, mjini Shinyanga, na Bartholomeo Bujiku tayari amelala chali chini ya ndege ya kivita. Inayoonekana ni miguu yake tu, ndani ya katambuga za tairi la lori. Mkononi ana koleo. Anafungua kamba ambazo alizifunga mwenyewe miezi miwili iliyopita, tena kwa majigambo mengi.

"Hii ilikuwa inakwenda mbele, sasa irudi nyuma," anasema kutoka huko chini. "Na hii ya nyuma ije mbele. Zote nne. Nilikosea zote nne."

Ndege yenyewe hairuki, wala haikukusudiwa kuruka. Ni ya kujifunzia. Ina mbao za mninga, mabati ya madebe, kiti cha kinyozi na springi za lori la Bedford. Imekaa juu ya ekseli, ikasawazishwa kwa magunia mawili ya mchanga, ili aliyeketi ndani aweze kuinamisha pua au kuinyanyua kwa fimbo iliyochongwa kutoka mpini wa jembe.

Mbele yake kuna nguzo mbili zenye kitambaa cha marikani kilichochorwa mawingu na ndege ya adui. Mtu akizungusha mkono wa chuma pembeni, kitambaa kinapita na adui anapanda, anashuka, anatoroka. Kazi ya rubani ni kumweka adui katikati ya duara la chupa iliyokatwa kitako. Akimweka hapo, anavuta uzi na debe lenye kokoto linalia tatata. Hiyo ndiyo bunduki.

Saba Saba ya mwaka huu wa 1982 bado siku kumi na mbili. Kamati ya maonyesho ilimwomba seremala huyu atengeneze kitu cha kuwakumbusha watu vita vya Kagera, na wangeridhika kabisa na sanamu. Yeye akaahidi ndege ambayo mtu ataiendesha.

Tangu siku hiyo, baraza la duka la Champaklal halijapata kutulia.

Champaklal anauza vitambaa, vibiriti na chochote kilichopatikana wiki hiyo, na wiki hizi hakipatikani kikubwa. Barazani kwake kuna cherehani mbili, bao la kete na Selestine, fundi baiskeli, ambaye hana kibali cha kukaa pale ila hakuna anayekumbuka lini alianza kukaa. Hapo ndipo ndege ya Bartholomeo ilipojadiliwa kila siku kabla hata haijapata bawa.

Selestine alitaka moshi. "Ndege ya vita bila moshi ni baiskeli," alisema, na yeye baiskeli anazijua. Mshonaji mmoja alitaka mabawa yarudi nyuma kama ya mbayuwayu. Champaklal alidai mlio. "Mimi siku ile ndege za adui zilipokuja Mwanza nilikuwa huko kununua mali," alisema. "Nilisikia mlio kabla sijaona kitu. Ukiniletea ndege isiyolia, Bwana Bartholomeo, umeniletea kitanda chenye mabawa."

Wengine waliuliza kama adui wa kuchora atakuwa mwepesi kama adui wa kweli. Mzee mmoja alisema mchezo ukifanana mno na vita si mchezo tena, waache mambo hayo. Walimzomea.

Kila ubishi ulipokwama, macho yaligeukia kwa Bartholomeo. Naye alikuwa na neno moja la kufunga mjadala: "Mimi nilikuwa pale."

Bartholomeo ana umri wa miaka arobaini na minne. Anatengeneza nira za ng'ombe, mihimili ya plau, vitanda na viti. Kiti kimoja ni shilingi tisini. Mwezi ukiwa mzuri anapata kama mia sita, na mkewe, Paskalia, anaongezea kwa kuuza karanga. Misumari imekuwa adimu kuliko nyama, kwa hiyo jioni nyingi wawili hao huketi wakinyoosha ya zamani kwa nyundo. Ndani ya ndege ile hakuna msumari hata mmoja mpya.

Watu hawakumheshimu kwa viti. Walimheshimu kwa sababu alirudi kutoka vitani akiwa "fundi wa ndege za kivita". Hivyo ndivyo walivyomwita, na hivyo ndivyo alivyoitikia.

Anatoka chini ya ndege, anapangusa mikono kwa kitambaa, na anakaa juu ya gunia la mchanga. Haangalii uso wa mtu anapoanza kusema.

"Nilikuwa uwanja mmoja wa ndege huko kaskazini," anasema. "Tulikuwa maseremala saba. Tulitengeneza ndege za mbao, za kumdanganya adui akipita juu aone tuna ndege nyingi. Ubavuni zilikuwa na viraka. Chini hazikuwa na kitu, mbuzi walikuwa wanalala humo. Lakini ukizitazama kutoka juu, zilikuwa ndege kabisa."

Walitengeneza kumi na moja. Hakuna hata moja iliyopigwa.

"Adui hakupita," anasema. "Miezi mitano. Hata uongo wangu ulikosa wa kumdanganya. Vita ilipokwisha, mbao zile zilipikiwa ugali."

Ndege za kweli zilikuwa upande wa pili wa ua wa waya. Bartholomeo hakuwahi kuzigusa, wala hajui ndani yake kukoje. Aliporudi nyumbani watu walimuuliza alikuwa akifanya nini, naye akasema alikuwa fundi wa ndege. Wenzake wakaongeza wenyewe "za kivita". Akanyamaza. Kilichomponza ni kule kunyamaza, anasema, maana baada ya mwaka mmoja alikuwa ameshaanza kuyaamini mwenyewe.

Siku anayoizungumzia kwa shida ilikuwa mwezi wa nne, saa tisa alasiri, baraza likiwa limejaa. Ubishi ulikuwa wa fimbo. Rubani akitaka pua ipande, aisukume au aivute?

Bartholomeo alijibu papo hapo: aisukume. Akawaeleza kwa plau. Mkulima akikandamiza mikono ya plau, ncha inanyanyuka kutoka ardhini. Akiinyanyua mikono, ncha inazama. Nani pale hakuwahi kushika plau? Wote waliitikia kwa vichwa. Hata Champaklal, ambaye hajawahi kumfuata ng'ombe hatua kumi, alisema ni kweli tupu.

Ndipo Makoye Onesmo aliposema polepole, akimwita kwa jina la mwanawe, "Hapana, Baba Gregory. Ukiivuta kwako ndiyo inapanda."

Makoye ni mfanyakazi wa kinu cha pamba, mtu wa maneno ya kuhesabika. Siku hiyo alikuwa amekuja dukani na baba mkwe wake, Mzee Shilinde, aliyetoka Ushetu kumtembelea binti yake, Philomena. Walikuwa wanachagua kitambaa cha shati la mzee.

Bartholomeo angeweza kusema "labda". Neno moja tu. Badala yake alicheka.

"Nilimwambia, 'Wewe vitani ulibeba ndoo. Mbeba ndoo ndiye atakayetufundisha urubani?' Watu wakaangua kicheko. Nilipoona wamecheka, nikaongeza. Nikasema, 'Mzee, mkweo anakudanganya huko nyumbani kwamba aliona ndege. Aliona ndoo.'"

Anayemjua Msukuma au Msumbwa anajua uzito wa jambo hilo. Mkwe hatajwi ovyo, hatazamwi ovyo, na mtu havuliwi nguo mbele yake kwa maneno. Mzee Shilinde aliinamisha kichwa akatazama sakafu. Makoye alivaa kofia yake, akasema "Haya," akamshika mzee mkono wakaondoka. Kitambaa kilibaki mezani. Kesho yake mzee alipanda basi la asubuhi bila kunywa chai.

"Sasa niulize," Bartholomeo anasema. "Niulize nilijuaje habari ya ndoo."

Alijua kwa sababu alimwona. Kila asubuhi, ng'ambo ya ule ua wa waya, askari mmoja alipita na ndoo na kitambaa, akapanda ngazi, akaingia katika chumba cha rubani kufuta vioo, kiti na vumbi la kila kifungo. Akipita karibu na maseremala aliwasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" Bartholomeo alimwitikia salamu hiyo miezi mitano.

"Katika mtaa huu mzima, mtu pekee aliyewahi kuketi ndani ya ndege ya vita ni Makoye," anasema. "Na mimi nilijua. Nilijua nilipokuwa nikicheka."

Aliendelea kufunga kamba kinyume. Siku ya majaribio Selestine aliketi ndani, akasukuma fimbo, pua ikapanda, baraza zima likapiga makofi. Ubishi ukaonekana umekwisha. Bartholomeo anasema makofi yale yalimchoma, lakini kamba aliziacha vilevile.

Kilichomvunja ni kiti cha miguu mitatu. Jumapili iliyopita Philomena, mke wa Makoye, alikileta kirekebishwe mguu. Alisalimia vizuri, "Shikamoo Baba Gregory," akakaa akasubiri. Alipokuwa anaondoka alisema kwamba mumewe alipita njiani akaona kamba ya mbele inasugua kwenye pembe ya bati. Itakatika, alisema, na aliyemo ndani ataanguka kifudifudi. Afadhali pawekwe kipande cha ngozi.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema Bartholomeo. "Mtu niliyemdhalilisha anapita kwangu, anatazama kazi yangu, anaogopa isije ikaua mtoto wa mwenzake, halafu anamtuma mkewe kwa sababu mimi sistahili kusemeshwa."

Aliweka ngozi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, alikwenda kwa Makoye.

Mwandishi wa habari hii alimfuata Makoye kinuni ili kusikia upande wake. Alikuwa kwenye mapumziko, pamba imemganda kwenye nyusi. Alikubali kuzungumza lakini hakukubali kukaa.

"Nilimjua siku ya kwanza aliyorudi," alisema. "Yule seremala mwenye kucheka sana. Nilimjua kabisa."

Basi kwa nini hakusema siku ile barazani? Neno moja lingetosha.

"Tuliambiwa habari za ndege za mbao tusizitaje. Waliambiwa wao, tukaambiwa na sisi. Vita imekwisha, lakini hakuna aliyerudi kuniambia sasa sema. Ningesema yeye ni nani, ningekuwa nimevunja ahadi. Nikaona bora nichekwe."

Bartholomeo alipofika nyumbani kwa Makoye alimwomba radhi, na Makoye anasema amempa, bila kinyongo. Lakini alimwambia jambo ambalo seremala hajalala vizuri tangu alisikie.

"Nilimwambia, yangu yamekwisha. Ila huko Ushetu mimi bado ni mwongo. Nilikwenda mwezi wa tano. Naletewa kiti, naletewa maji ya kunawa, naletewa chakula. Siulizwi habari. Zamani mzee alikuwa ananiuliza habari za mjini mpaka taa inakwisha mafuta. Sasa ananiangalia mikono tu."

Radhi ya jambo lililofanyika mbele ya mkwe, kwa mujibu wa Makoye, hailetwi uani kwa siri. Inapelekwa pale lilipofanyika, na mbele ya yule aliyeliona.

Bartholomeo aliandika barua kwenda Ushetu. Haijajibiwa. Aliandika ya pili, akaichana, kwa sababu aliona ameanza tena kujitetea.

Jua sasa limepanda. Kamba ya mwisho imefungwa, na ngozi imekazwa vizuri kwenye pembe ya bati. Paskalia analeta chai ya rangi isiyo na sukari, anaitazama ndege, anamtazama mumewe. "Jaribu basi," anamwambia.

Inabainika kwamba Bartholomeo hajawahi kuketi ndani yake. Selestine amekaa, washonaji wamekaa, Champaklal alikaa akateremka haraka akishika kiuno. Yeye, hapana. Alikuwa anaona haya.

Anapanda kwa kusitasita, anashika fimbo kwa mikono miwili kama mtu anayeshika plau, kisha anakumbuka na kutoa mkono mmoja. Anaivuta taratibu kuelekea kifuani. Magunia ya mchanga yanalalamika, springi zinalia, na pua ya ndege inapanda mpaka inaelekea paa la jirani.

Hakuna anayepiga makofi. Yeye mwenyewe anabaki huko juu kitambo, ameshikilia.

Siku ya Saba Saba anataka Makoye awe wa kwanza kuketi katika kiti hicho, na mzee wa Ushetu awe amekaa mstari wa mbele. Ameomba kamati imwachie kipaza sauti kwa dakika mbili. Maneno yake anayo tayari, mafupi: kwamba yeye ni seremala, alitengeneza ndege za mbao, na aliyezijua ndege za kweli ni yule aliyemwita mbeba ndoo. Anachoogopa ni kwamba mzee hatakuja.

Mwandishi anamuuliza kama angependa jina lake libadilishwe gazetini. Wengi huomba hivyo, na katika habari kama hii hakuna ambaye angemlaumu.

Bartholomeo anaiachia fimbo, na pua inashuka polepole.

"Hapana. Liandike lote, Bartholomeo Bujiku, seremala wa Ngokolo. Champaklal huwasomea watu gazeti kila asubuhi pale barazani, kwa sauti. Nitakuwepo. Nitakaa palepale nilipokuwa nimekaa."

Anateremka, anatafuta katambuga moja iliyoanguka, anaivaa.

"Na la Makoye usilikosee herufi," anasema. "Makoye Onesmo, wa kinu cha pamba. Gazeti lenu linafika Ushetu siku ya tatu, pale kwenye ghala la tumbaku. Makoye ameniambia mzee siku hizi hasikii vizuri, lakini gazeti analisoma lote, mpaka matangazo ya vifo."