Kisanduku Kilichotangulia Kuposa

Jamani, jambo hili nimewaficha watu wa kazini, nimewaficha hata ndugu zangu walioko Bujumbura, lakini hapa Stockholm siwezi kumficha mtu kwa sababu watu karibu sitini walikuwepo na walisikia kwa masikio yao, kwa hiyo afadhali nisimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na shangazi Febronia, ambaye kila mwaka anaongeza kipande (mara ya mwisho alisema nilikuja bila hata shati, uongo mtupu, shati nilikuwa nalo, na tai pia, kilichokosekana ni suruali).

Mimi ni mtu wa sauti. Sisemi kuimba, kuimba sijui, ila napenda kusikia kitu kikitoka vizuri kwenye spika. Nilipoanza kazi ya kuendesha basi nilinunua kwenye loppis, yale masoko ya vitu vilivyotumika, amplifaya ya zamani nzito kama mfuko wa simenti, na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Mke wangu Goreti aliziangalia akauliza, "Hizi ni spika au umeleta kabati?" Miaka ikapita nikipiga sidii zangu taratibu, mpaka zikaja simu za kugusa kioo, na wenzangu wa gereji wote wakawa na nyimbo za dunia nzima mfukoni, na mimi nikaanza kukosa raha kwa swali moja: hizo nyimbo zilizoko mtandaoni zinafikaje kwenye spika zangu za mbao bila kupitia ile sauti ya nyuki ya simu?

Mwenzangu mmoja akaniambia kuna visanduku. Unakiunga kimoja kwenye amplifaya kwa zile nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, kinashika mtandao wa nyumbani bila waya, kisha wewe unakaa kwenye kochi na simu yako unakiamrisha, piga hiki, ongeza, punguza. Sikulala vizuri wiki nzima kwa hamu.

Na bahati (au mkosi, mtaamua wenyewe) ikawa kwamba chama chetu cha hapa Hagsätra, Warundi na Wanyarwanda na Wakongo wachache waliokuja siku moja kula wakabaki, kilikuwa na ukumbi ghorofa ya chini ya jengo letu, chini kabisa ya sebule yangu, na mwenyekiti akanishika mkono akasema, "Baba Divine, wewe unayejua mambo haya, tuchagulie na sisi kimoja." Basi nikawa na kibali. Jumamosi tatu mfululizo nikawa naingia kwenye duka moja la mitambo ya muziki mjini, lenye chumba cha kusikilizia chenye zulia na kochi, na muuzaji kijana mwenye ndevu ambaye mwanzoni alinifurahia, Jumamosi ya tatu akawa akiniona anakwenda kunywa kahawa.

Nilimuuliza kila kitu. Je, kompyuta ikizimwa kinaendelea? Umeme ukikatika kinakumbuka kilipoishia? Jirani akipika kwenye maikrowevu muziki unakatika? Kwa nini hiki kina kioo na kile hakina? Alinipa vitatu nivisikilize. Cha kwanza kilikuwa na kioo kikubwa kinachoonyesha picha na jina la kila kitu, na rimoti yake. Cha pili kidogo kama kipande cha sabuni, hakina kioo, hakina kitufe, kinamsikiliza mwenye simu tu. Cha tatu kizito, kipana kama Biblia ya madhabahuni, kinafanya yote mawili na zaidi. Nilikuwa nimekwenda na wimbo wa kwaya yetu wenyewe, tuliourekodi kanisani, ili nipime kwa sauti ninazozijua, na mnajua nilisikia nini? Nilisikia mtu anakohoa safu ya pili, upande wa kulia, kwenye ubeti wa tatu. Wimbo huo nimeusikia mara mia na sijawahi kusikia kile kikohozi! Nikafumba macho, nikajua hata ni nani, ni Emmanuel wa sauti ya nne. Nikamwambia muuzaji arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie kwa kile kingine. Akashusha pumzi.

Mwisho nikachagua kile kidogo kama sabuni, kwa sababu sauti yake na ya kile kizito sikuweza kuzitofautisha hata nikifumba macho, na kioo nikasema cha nini, kuna haja gani ya kuangalia muziki. Nikachukua viwili vinavyofanana, kimoja cha ukumbi, kimoja changu.

Cha ukumbi nilikifunga vizuri, nikakiweka pamoja na mitambo ndani ya kabati la kioo, nikafunga na ufunguo ili watoto wasichezee, ufunguo nikauweka kwangu. Cha kwangu ndipo nilipofanya uvivu. Kiliniuliza neno la siri la mtandao wa nyumbani, na hilo limeandikwa chini ya kile kimashine cha mtandao kilicho nyuma ya kabati la nguo ambalo kulisogeza kunahitaji wanaume wawili. Mtandao wa ukumbi ulikuwa unapanda mpaka sebuleni kwangu bila shida, na neno lake la siri nalijua kichwani. Nikasema, kwa siku mbili tatu tu. Kisha simu ikaniuliza: unataka kukipa kisanduku hiki jina gani? Nikagusa "ruka". Hata cha ukumbini nilikuwa nimeruka. Basi kwenye simu yangu kukawa na mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, yenye jina lile lile la kiwandani, kama mapacha. Mimi huyo niliyeuliza habari za maikrowevu.

Sasa, Jumamosi iliyofuata tulikuwa na shughuli kubwa. Mtoto wa marehemu kaka yangu, Pacifique, alikuwa anaposa. Binti anaitwa Aline, kwao ni Jakobsberg, na kama mnavyojua kwetu kuposa ni mashindano ya maneno: kila upande una msemaji wake, wanarushiana, wanakataliana, wanadai ng'ombe ambao hapa Uswidi hakuna wa kuwafungia, mpaka mwisho wanakubaliana. Msemaji wao alikuwa Mzee Sylvestre, mtu asiyeshindwa. Msemaji wetu, kwa kuwa Pacifique hana baba, nilikuwa mimi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza. Kama ningemwangusha yule kijana mbele ya wakwe, kaka yangu hayupo kunisamehe.

Kwa hiyo nilijifunza. Nilirekodi hotuba yangu kwenye simu, jioni moja jikoni, Goreti akiwa anakata vitunguu na kunikatiza. Na siku yenyewe, upande wa binti ukiwa umeshaketi ukumbini unatungoja tuingie saa tisa alasiri kwa msafara, Goreti akiwa ameendesha gari kwenda Vårby gård kumchukua Pacifique, mimi niko peke yangu nyumbani na nusu saa mkononi, shati, tai, soksi, na kaptula ya kulalia, suruali nimeitundika isipate mikunjo. Nikajiambia: hebu nijisikie mara moja kwenye spika kubwa, nione sauti yangu inakaaje.

Nikagusa mstari wa juu. Nikagusa "piga".

Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho. Kimya kabisa, nikaona lazima waya umelegea, nikaweka simu juu ya amplifaya, nikapiga magoti nyuma ya spika, nikawa nachomoa na kuchomeka. Simu ikaita, ni binti yangu Divine, aliyekuwa chini akipanga vikombe. Nikamkatia, sikutaka anivurugie jaribio.

Na nikiwa hapo chini, shavu limekaribia sakafu, nikasikia mwanamume anahutubia ukumbini. Sauti nzito, nzuri, imetulia. Nikasema moyoni, kumbe wameanza kupashana moto, huyu bwana ni nani, anajua kusema! Nikatega sikio. Alikuwa anasema, "Tulikuwa tunapita zetu, tukaona kwenye ua wenu pana ua." Nikatabasamu. Nikasema hata mimi nina utani kama huo. Kisha sauti ya mwanamke ikadakia, "Baba Divine, hebu nipitishie kisu."

Mhutubiaji alikuwa mimi.

Nilitoka mbio. Simu nimeiacha juu ya amplifaya, ufunguo wa kabati kwenye droo, mimi nashuka ngazi kwa soksi, nikafungua mlango wa ukumbi, na mle ndani watu wote wa Jakobsberg, kinamama wamevaa mishanana, zile nguo zetu za sherehe zinazofungwa begani, wazee wamevaa makoti, wamekaa kimya kama kanisani, wanazitazama spika zilizo juu ukutani, na mimi nikitokea humo.

"...kijana wetu ni mpole," nilikuwa nasema, "ni mchapakazi, na jikoni ni fundi."

"Fundi?" ilisema sauti ya Goreti, ikifuatiwa na kicheko. "Yule aliyeunguza yai la kuchemsha? Maji yakakauka, yai likapasuka, yeye anatazama mpira!"

Divine alikuwa amesimama na sinia. "Pappa," akaniambia kwa Kiswidi, polepole kama anayemweleza mgonjwa, "nimekupigia." Nikakimbilia kabati. Limefungwa. Nikavuta, kioo kikalia. Waya wa umeme umepita ukutani nyuma yake, nilivyoupitisha mwenyewe kwa ustadi. Nikageuka kukimbilia ufunguo, na hapo Mzee Sylvestre akanyoosha fimbo yake, bila hasira, akazuia njia.

"Kaa chini, Baba Divine. Huyu bwana hajamaliza."

Ungefanya nini? Nilikaa. Mstari wa mbele, na kaptula yangu, nikajisikiliza.

"Na yule Sylvestre?" Goreti aliuliza ndani ya spika.

"Yule sikio lake la kushoto limekufa," nilijibu kwa furaha. "Nitakaa kushoto. Mazuri nitayasema kwa sauti, hayo ya mayai nitayapitisha chini chini huko."

"Na shangazi yake Aline?"

"Febronia? Yule tangu apate pasi ya Uswidi amesahau Kiswahili. Tutamsalimia hej hej, basi, ameridhika."

Mwanamke mmoja katikati ya ukumbi akasimama, akarekebisha mshanana begani. "Kiswahili," alisema, na kila herufi aliitamka, "nakikumbuka."

Rekodi ikaisha. Mtoto mchanga akalia, akatolewa nje, nikamwonea wivu.

Sitawachosha na jinsi nilivyopanda kuvaa suruali, wala jinsi nilivyomweleza Pacifique kwenye maegesho ya magari (alikaa kwenye kiti cha nyuma akafunga mlango, Goreti akamtoa). Saa tisa tukaingia kwa msafara, tukaketishwa, na Mzee Sylvestre akasimama.

"Wageni, karibuni," alisema. "Hotuba yenu tumeshaisikia, ilikuwa nzuri. Sasa, bwana, kwa kuwa tuna muda, tuambie kijana huyu ni nani."

Nikasimama. Karatasi mfukoni haikuwa na kazi tena, kila utani uliomo walikuwa wameshaucheka au wameshaukasirikia. Nikaiacha humo humo. Kisha nikasema tu yaliyokuwepo. Nikasema kupika kweli hajui. Nikasema mwaka ule niliopasuliwa mgongo nikalala miezi miwili, Pacifique alikuwa anatoka kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee, anapanda treni mbili kuja kwetu, anateremsha nguo zetu kwenye chumba cha kufulia, anangoja, anazipandisha, anazikunja, na shuka alizikunja vibaya kama mtu anayefunga gunia, na hakuna aliyemtuma. Nikasema baba yake angekuwepo angelieleza hili vizuri kuliko mimi. Nikakaa.

Halafu shangazi Febronia akasema kutoka kule nyuma, "Kukunja shuka atafundishwa."

Watu wakacheka, na Aline akaletwa, na tukanywa. Mzee Sylvestre ng'ombe wake aliwadai, tena aliongeza mmoja kwa ajili ya sikio lake, tukakubali bila kubisha.

Baadaye, watu wakiwa wanakula, alikuja akakaa karibu yangu, akanigeuzia sikio la kulia. "Niambie," akasema, "hicho kidude kinaitwaje? Ni miaka mingi sijasikia kila neno ukumbini. Hata kisu kinavyogonga ubao nilikisikia."

Nikamweleza vyote, nyaya, mtandao, chenye kioo na kisicho na kioo, akauliza maswali mazuri sana (la maikrowevu pia), na Jumamosi iliyofuata nikampeleka mjini kumchagulia chake. Muuzaji alipotuona wawili alikwenda kunywa kahawa moja kwa moja.

Sasa ni watu wa ukoo, na Pacifique ananisalimia. Lakini mimi nimeapa, na Goreti ni shahidi: kitu kikiniuliza jina, nitakipa jina, hata kama ni mashine ya kufulia, na sitasema jikoni kwangu neno juu ya mtu ambalo siwezi kumwambia nikiwa mbele yake. Nikiwa nimevaa suruali.