Baiskeli Isiyojua Kupumzika

Wateja wa kike walipoingia kupimwa, Mzee Upesi aligeuzwa ukutani. Mkewe, fundi cherehani, alishika mgongo wa kiti na kukizungusha na mtu wake juu, na mzee wa watu akabaki uso kwa uso na ukuta, kama mtoto wa shule aliyekutwa anaongea darasani. Nyuma yake alisikia utepe wa kupimia ukivutwa.

"Kiuno kimeongezeka, mama."

"Ongeza kitambaa basi, usiniongezee maneno."

Wanawake walicheka. Yeye aliendelea kuutazama ukuta. Alikwisha kuujua wote: palipobanduka rangi, walipopita mchwa, na msumari mmoja usioning'iniza kitu. Mteja akiondoka, kiti kilirudishwa mahali pake. Siku nyingine kazi zilimzidi mkewe akasahau kukirudisha, na yeye hakukumbusha. Mtu mzima hawezi kuomba kugeuzwa.

Na huyo ndiye aliyekuwa tarishi wa ofisi tangu ndevu hazijamwota. Jina la Upesi hakujipa, alipewa na mji. Ukimkabidhi bahasha, akipanda baiskeli yake nyeusi, majibu yalirudi chai haijapoa. Mvua, jua, vumbi, yeye na baiskeli kama kidole na pete. Kisha asubuhi moja aliinama kufunga kamba za viatu, kiharusi kikamwinamia juu yake. Mkono wa kushoto ulirudi nusu. Mguu wa kushoto haukurudi. Ulibaki unaburutwa kama gunia la mwenzako ulilolazimishwa kulibeba. Kutoka kitini hadi mlangoni, kwa fimbo na kwa kushika ukuta, ilikuwa safari ya kufungiwa chakula. Kupita mlango kwa miguu yake hakuwahi.

Basi kutwa alikaa chumba cha mbele, kwenye harufu ya mafuta ya cherehani na nguo mpya, nyuzi zimemganda ndevuni, anafumua mapindo ya suruali za watu. Dirisha lilikuwepo, tena kubwa. Lilitazama ukuta wa jirani.

Aliwahi kujaribu, msije mkadhani ni mtu wa kukata tamaa. Mkewe alipokwenda sokoni, aliikokota baiskeli hadi kizingitini, akapanda, akasukuma kwa mguu mzima. Pedali ya kushoto ilipanda hadi juu ikafika, mguu uliokufa ukakaa hapo juu yake kama mgeni asiyeaga. Baiskeli ikapoteza mwendo, ikayumba, ikamtia mtaroni mbele ya majirani. Walimtoa kwa heshima zote, na heshima zile zilimuuma kuliko goti.

Tangu siku hiyo baiskeli ilifungwa kwa kufuli kwenye nguzo ya uani, na ufunguo ukaning'inia shingoni kwa mkewe.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, bila kuinua macho kwenye kitambaa, "chuma kinaoza bure. Mdogo wangu ana shida nayo. Atakuja kuichukua Jumamosi."

"Nichukueni na mimi kabisa."

"Wewe nani atakutaka? Hata kengele huna."

Alicheka. Mkewe alikuwa hodari wa maneno, na ndicho kilichomfanya amwoe. Lakini kicheko kilipokwisha aliona jambo lote lilivyo. Baiskeli ikishatoka nyumba ile, yeye hatatoka tena, mpaka atakapotolewa na watu wanne.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Alhamisi. Goti la mkewe lilivimba kwa kukanyaga cherehani, na nguo za watu zilikuwa zinangojewa.

"Hebu kaa hapa unikanyagie," alisema. "Mguu mmoja unatosha. Mimi nitaongoza kitambaa."

Akakaa. Kibao cha kukanyagia kilikuwa kipana, akauweka mguu mzima, na ule mwingine akauburuta ukae kando yake, maana pengine pa kuuweka hapakuwepo. Mkewe akalisukuma gurudumu kwa mkono, mguu mzima ukapokea, sindano ikaanza kulia. Mara Mzee Upesi akatazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa unapanda na kushuka. Si yeye aliyeuinua. Gurudumu likishashika mwendo, kibao hakimwombi mtu ruhusa, kinakwenda na kila kilicho juu yake, kizima kwa kibovu.

"Mama watoto, niwekee mkono hapa gotini."

"Mchana huu?"

"Weka tu, we mwanamke!"

Akaweka. Goti likamwendea juu, likamwendea chini, chini ya kiganja chake. Aliuacha mkono pale mpaka kitambaa kikaenda upande na mshono ukaharibika.

Kesho yake aliitwa Fundi Spoki, mtengeneza baiskeli, mrefu mwembamba kama jina lake, mtani wake wa miaka na miaka.

"Nani kafa?" Spoki aliuliza mlangoni.

"Bado. Nataka uniondolee friwili."

Spoki akakaa chini. "Mtani, unajua unachoomba? Friwili ndiyo inayokupumzisha. Ukiacha kukanyaga, gurudumu linaendelea na safari zake, miguu inastarehe. Nikiichomelea, gurudumu na pedali zinakuwa mume na mke. Huyu akienda na yule anakwenda, apende asipende."

"Ndiyo hiyo."

"Hiyo ni ya vijana! Wananijia wenyewe. Mmoja anasema breki zake ziko miguuni. Mwingine anasema vikorokoro vikiwa vichache na kuharibika ni kuchache. Kuna mmoja, huyo ndiye bingwa wao, anasema anaisikia barabara mpaka magotini. Mimi nawachomelea, nachukua changu, nawaombea Mungu."

"Mimi barabara sitaki kuisikia," Mzee Upesi alisema. "Nataka kubebwa mguu."

Spoki alimtazama, utani ukamtoka. "Mteremkoni haitakungoja," alisema polepole. "Na mguu ukichomoka kwenye pedali, pedali itaupiga."

"Nifunge."

Wote wawili wakamgeukia mwenye ufunguo. Mkewe alikuwa anakata uzi kwa meno.

"Ukianguka tena sikuinui," alisema. "Mgongo huu ni wa kushonea, si wa kubebea wazee." Akauvua ufunguo shingoni, akautupa mezani. Kisha akachukua kipande cha turubai, akakikunja mara mbili, akashona mkanda wa kufungia mguu, mshono juu ya mshono, kwa hasira, kama anamshonea adui.

Jumamosi Spoki alishika tandiko, mguu wa kushoto ukafungwa kwenye pedali, mzee akasukuma kwa wa kulia. Pedali ya kushoto ikapanda. Ikafika juu, pale pale ilipomsaliti zamani, na haikungoja. Gurudumu liliuchukua mguu likaushusha upande wa pili. Ukapanda tena. Spoki akaachia.

Upepo! Alikuwa ameusahau. Akapita kwa kinyozi, akapita kwa fundi seremala, watu wakasimama na kazi zao mikononi. Akakata kona. Huko kwenye kona ndiko akili ilikomjia: alifundishwa kupanda, hakuna aliyefikiria kushuka. Akipunguza mwendo, baiskeli itaanguka. Ikiangukia kushoto, mguu umefungwa. Hata kupumzisha miguu kidogo afikiri, pedali hazikumpa nafasi. Akazunguka mtaa.

Shemeji alikuwa amekwisha kufika, amesimama mlangoni na kamba ya kuifungia baiskeli juu ya gari.

"Shikamoo shemeji!" alisema, baiskeli ikipita.

"Marahaba! Karibu ndani!" Mzee akajibu, akapotea.

Mzunguko wa pili: "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo! Nimefuata baiske..." Mzee amekwisha kwenda.

Mzunguko wa tatu hakusalimu mtu. Uso ulikuwa umelowa, mdomo wazi. "Nishikeni," alisema, na sauti ikatoka ndogo. Spoki alipiga makofi akidhani ni utani. Shemeji alicheka. Mkewe ndiye aliyesikia. Alitoka mbio na goti lake bovu, akalidaka tandiko, akaburutwa, kiatu kikamtoka, mpaka mguu wa kulia wa mumewe ulipokanyaga kizingiti cha mlango wao na wote wawili wakaegemea ukuta, wanatweta.

"Dada," shemeji akaanza, kamba mkononi.

"Nenda nyumbani, mdogo wangu," alisema, bado amelishika tandiko. "Baiskeli ina mtu."

Hivyo ndivyo ilivyobaki, na kila asubuhi Mzee Upesi hutoka. Asiyejua humwona na kusema mzee amefunguliwa. Lakini ili ashuke anahitaji jukwaa au ngazi ya kukanyagia, tena iwe upande wa kulia, tena iwe na kimo chake. Mji mzima ameutafuta, na amepata pa kushukia patatu tu: kizingitini kwake, karakana ya Spoki, na jukwaa la kupakulia magunia kwenye mashine ya kusaga. Penginepo pote ni pa kupita. Duka la magazeti anapita. Nyumba ya dada yake anapita. Anakwenda, anazunguka, anarudi palepale, na miguu haipewi nafasi hata ya kupumua.

Ofisini kwake ngazi ziko kushoto, na barabara ile ni ya kwenda upande mmoja tu. Wenzake wa zamani wakimwona hutoka barazani na vikombe mikononi. "Mzee, shuka tunywe chai!" Mkono wa kulia una breki, wa kushoto hauinuki, basi yeye huinua kidevu, nao wanabaki wanatazama mgongo wake. Siku hizi wanasema tangu augue amekuwa na maringo. Hajawaeleza. Kueleza nako kunataka mtu asimame.