Mguno Chini ya Kiti cha Nyuma

Nichekeni mkitaka, lakini polepole, mke wangu asije akaanza kunicheka upya.

Gari letu la familia lilikuwa la mzee niliyemhudumia hapa ughaibuni, Laurel, hadi akafariki. Watoto wake wakaniuzia. Tairi zilikuwa zimekwisha, na muuzaji wa tairi akanishauri nichukue za misimu yote. Nikatazama vimeno vyake, nikadharau. Mimi nimekulia mashambani Nyandarua. Tairi ni ile inayouma udongo. Nikachagua zenye meno makubwa kupita zote dukani.

Tulipopata mwendo kwenye barabara kuu, mguno ukaanza. Ulikuwa mzito, wa kuvuta, ukitokea chini ya kiti cha nyuma. Nikipunguza mwendo, unanyamaza. Nikiongeza, unarudi. Nikaogopa hata kutazama kioo, maana hivyo ndivyo mzee alivyoguna wiki yake ya mwisho.

"Baba Ciku, simamisha," mke wangu akanong'ona. "Kuna mtu humu."

Jumapili, kanisa zima likazunguka gari letu kwenye maegesho. Nikatoa ushuhuda kwa machozi: mzee anataka gari lake. Akina mama wakakemea pepo. Pasta akapaka mafuta boneti, akapaka milango, kisha akapiga magoti kupaka tairi. Mkono wake ukasimama. Akaingiza kidole kizima katikati ya meno.

"Ndugu," akasema, maikrofoni ikiwa bado imewashwa, "hizi ni tairi za matope. Zikikimbia kwenye lami lazima zigune. Kwani huku Laurel unalima wapi?"