Pande Mbili za Kompyuta ya Mwalimu Vidole

Watoto ndio waliompa jina la Mwalimu Vidole, kwa sababu darasani kwake kuhesabu kwa vidole hakukuwa kosa. Kwa miaka ishirini na sita aliletewa wale walioitwa vichwa vigumu, na mtoto akikosa alimwuliza kwanza jibu amelitoa wapi, kisha akaliandika daftarini. Kuna aliyesema nusu ya nane ni sifuri: alikuwa ameikata tarakimu kiunoni, akabaki na viduara viwili. Anayeuita huo ujinga hajawahi kufundisha.

Madaftari yalipojaa kabati, akaamua kuyageuza kitabu. Hapo akaingia mdogo wake, fundi kompyuta, kitinda mimba aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki. Kompyuta mpakato ilikuwa moja, nao wawili, basi fundi akaweka mifumo miwili ndani yake: mmoja wa dada wa kuandikia, mwingine wake wa kazi za ufundi. Ukiiwasha inakuuliza unataka upi. Usipojibu kwa sekunde kumi, inafungua wa dada.

"Ni nyumba moja ya vyumba viwili, dada. Kwako weka neno la siri, hata mimi nisiingie."

Dada akaweka. Lile swali la kuchagua hakuwahi kulijibu: aliiwasha, akaenda kuinjika chai, akirudi anakuta upande wake umefunguka. Miaka mitatu akaandika hivyo. Zilibaki kurasa nne tu kitabu kiishe.

Ijumaa moja fundi alisasisha mfumo wake, na mashine ikapanga upya orodha ya mifumo bila kumwuliza mtu, wa fundi ukatangulia. Jumamosi asubuhi Mwalimu akarudi na kikombe chake, akakuta picha asiyoijua. Haikudai neno la siri. Fundi hakuwa na sababu ya kufunga kwake. Angeingia nani, dada asiyegusa hata kitufe cha mshale?

Alitaka kuizima, lakini katikati ya kioo palikuwa na faili lenye jina la kitabu chake. Sura zote zilikuwamo, hadi ile ya juzi. Kwenye jalada, mwandishi alikuwa fundi. Kando yake palikuwa na barua ya mchapishaji: mswada wameupenda, wanangoja sura ya mwisho.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema inavyouma pale nguo yenyewe umeifua, umeipiga pasi na kuitia vifungo kwa mkono wako.

Fundi aliingia mchana akipiga mluzi. Alipoona kioo, mluzi ukakatika.

"Nilifunga kwa neno la siri," Mwalimu akasema. "Uliingiaje?"

"Sikuingia, dada." Alijibu taratibu, kama anayemhudumia mteja. "Neno la siri linalinda mlango wa mfumo wako tu. Diski ni hiyo hiyo moja. Mfumo wangu unaisoma bila kupita mlangoni."

"Na ulilijua hilo siku uliyoniambia niweke?"

Fundi akakuna shingo. "Wewe ungekitoa lini? Kila mwaka unasema bado. Mimi nimekifikisha."

"Kwa jina lako."

"Wanataka mtu wa kusimama kwenye mikutano, azungumze. Mwalimu wa darasa la pili nani atamsikiliza? Ningekuja kukwambia baadaye."

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka, na chini ya hasira palikuwa na aibu, ya kuwa amemshukuru mtu huyu mbele za watu mara nyingi mno.

"Nimekisoma chote tangu asubuhi," akasema. "Hukubadilisha hata nukta. Umefuta ukurasa mmoja tu, ule wa mbele wa kutabaruku, nilipoandika kwamba kitabu hiki ni cha mdogo wangu, mwanafunzi wangu wa kwanza."

Mwalimu akamgeuzia kioo.

"Uliusoma kabla ya kuufuta?"

"Niliusoma."

"Ukaelewa ni wewe?"

"Nilielewa, dada."

Mwalimu akavuta kiti, akaanza kumwandikia mchapishaji barua. Fundi alibaki amesimama nyuma yake, na dada hakumwambia aondoke wala akae.