Penseli ya Daktari wa Watoto

Daktari huyu huandika kwa penseli. Kila ninaporudi na mwanangu Naomie, hufuta alichoandika wiki iliyopita na kupuliza vumbi la kifutio pembeni, lisimwangukie mtoto. Malaria amekwisha kuifuta, kifafa pia. Sasa ameandika kwamba huenda mishipa ya damu ya ubongo imevimba, akaweka alama ya kuuliza. Damu ilipimwa, maji ya mgongo yakapimwa, na mimi kila jibu linanichanganya zaidi. "Sijajua bado, mama," huniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba kiti. Husugua viganja kwenye koti mpaka vipate joto, ndipo amguse mtoto. Kisha humwambia anyooshe mikono na kufumba macho, naye hunyoosha ya kwake, akafumba, kama wanasali wote wawili. Mkono wa kuume wa Naomie siku nyingine hushuka, siku nyingine hapana.

Leo alimpa biskuti. Naomie akaipokea kwa mkono wa kushoto, nami nikamchapa kiganja, kama tunavyofanya nyumbani tangu Pasaka.

"Heshima, Naomie. Unapokea na mukono gani?"

Daktari akaacha kufuta. "Mbele ya Pasaka, alikuwa anapokea na gani?"

"Na ya kuume, docteur, sawa batu bote. Hii tabia ya kushoto iko mupya."

Akaweka penseli chini, akautazama mkono wa kuume uliolala tu mapajani, akamwomba muuguzi kalamu ya wino. Mimi nilikuwa bado nimekishika kile kiganja nilichokichapa.