Kinyonga wa Kabati la Vyombo

Kivumbasi kikisuguliwa mkononi hutoa harufu inayopanda puani moja kwa moja, kali kidogo, kama limau lililokutana na karafuu. Nimehama miji mingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu, Mtwara, Mbeya, Kahama, na kila nifikapo mahali papya hujikuta nikichungulia uani kuona kama kimeota. Juzi, katika nyumba niliyopanga Tanga, mwenye nyumba aling'oa shina zima akalitupa jalalani. Nikaliokota, nikayasugua majani yake, na palepale nikawa Kerege, mtoto wa miaka tisa hivi, magoti yana udongo, na binamu yangu Zuhura ananikataza nisipumue karibu na kinyonga.

Nilipelekwa Kerege kwa Bibi, mama yake mama, wazazi wangu walipohamishiwa bara kikazi. Niliambiwa ni kwa muda tu. Zuhura alikuwa mwenyeji pale, na kila kitu kilikuwa chake: kuku, njia ya shamba, hata watoto wa jirani. Mimi sikuwa na changu. Basi siku tulipomkuta kinyonga kwenye ua wa michongoma, akiyumbayumba kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, nilisema kabla Zuhura hajafungua mdomo, "Huyu wangu."

Bibi alipotuona tukiingia na kijiti, na kinyonga juu yake, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta wa jiko. Alizoea kuniita mume wake, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, na siku ile pia hakuuacha utani wake, ila sauti ilimtetemeka.

"Mume gani huyu? Wenzangu wanaletewa kanga, mimi naletewa kinyonga!"

Kisha akatoa masharti. Asiingie ndani. Asikaribie jiko. "Na akifia hapa uani kwangu, basi. Sitaki kusikia tena habari ya kufuga kitu chochote."

Nyuma ya jiko palikuwa na kabati la vyombo la zamani, lile la mbao lenye milango ya wavu, ambalo mchwa walikuwa wameila miguu yake. Tulitoa rafu, tukaliinua juu ya matofali. Mara ya kwanza tulikata matawi mabichi tukayachomeka mchangani. Yalipendeza asubuhi tu. Ilipofika alasiri yalikuwa yamenyong'onyea, na kinyonga naye amegeuka rangi ya majani makavu, nikadhani anakufa pamoja nayo.

"Hafi, mjinga we," Zuhura alisema. "Anayaigiza majani. Tupande vyenye mizizi."

Tukachota udongo mweusi bandani kwa kuku, tukajaza makopo ya maziwa ya unga na sufuria moja iliyotoboka. Tukapanda vipande vya muhogo, mrehani, na kivumbasi kwa wingi, maana ndicho kilichokuwa kimezagaa kila mahali. Tukafunga vijiti vya kukatiza huku na huku kwa kamba za mgomba ili mwenyewe awe na barabara zake. Chini tuliweka maganda ya papai yaliyooza, na inzi wakaitikia mwaliko. Muhogo ulipochipua, kabati likawa kichaka. Kinyonga akawa kijani mpaka ikabidi tumtafute, na mara nyingi tulijua alipo pale tu ulimi ulipofyatuka na inzi akatoweka.

Habari zikaenea. Jirani yetu Mama Tatu, ambaye alikuwa haachi kuja kuomba chumvi, sasa alisimama nje ya ua na kupaza sauti.

"Hodi! Mmemfunga?"

"Tumemfunga!" tulijibu.

"Hebu apeni!"

"Haki ya Mungu tumemfunga!"

"Basi nileteeni chumvi huku huku. Huyo akikuuma hakuachii mpaka alishwe tumbaku."

Bibi alicheka kichinichini. Hakupenda kinyonga, lakini alianza kuona kwamba, Mama Tatu akiogopa kuja mara kwa mara, chumvi yake inakaa.

Kisha jua la kiangazi likakaza. Tulimwekea maji kwenye kisahani, kama kuku. Hakuyagusa. Tulibadilisha kisahani, tukaweka kifuu cha nazi, hakuyatazama hata kwa jicho moja. Macho yake, yaliyokuwa yametuna vizuri, yakaanza kudidimia, na ngozi ya ubavuni ikajikunja kama ya embe lililosahaulika. Tulijaribu kumnywesha kwa kijiko. Alivimba, akawa mweusi, akatufokea kwa pumzi, na Zuhura akakiangusha kijiko udongoni.

Niliketi mbele ya kabati mpaka chakula cha mchana kikapoa.

"Mume wangu, njoo ule," Bibi aliita kutoka jikoni.

"Sisikii njaa, Bibi."

"Anayeumwa nani, wewe au yeye?"

"Hanywi maji. Atakufa, halafu hutaniacha nifuge tena."

Nilisikia tu mwiko ukigonga chungu.

Sasa, Bibi alikuwa bahili wa maji. Tuliyateka mbali, na yeye alitawadha kwa birika dogo, kwa uangalifu, ardhi ikaloa kidogo tu miguuni pake. Mahali pake palikuwa penye mkomamanga, upande wa pili wa ua. Alasiri ile alitoka na birika na kigoda, akaupita mkomamanga, akaja hadi kwenye kabati. Akageuza kigoda, akaketi akilipa kabati mgongo.

Akaanza kutawadha. Kila alipoosha kiungo, aliukung'uta mkono nyuma, juu ya bega, kwa nguvu, kama mtu anayefukuza nyuki. Matone yakapita kwenye wavu yakatua juu ya majani ya muhogo. Kinyonga akageuza jicho moja. Akainua mguu, akafikiri, akaushusha. Kisha akapanda taratibu hadi kwenye jani lililoloa, akaanza kunyonya tone baada ya tone.

"Bibi! Anakunywa! Geuka uone!"

"Anakunywa nini?" alisema bila kugeuka. "Niacheni nitawadhe."

Sijui alijuaje. Labda kwa miaka yake yote shambani alikuwa amewaona wakilamba umande, kwa mbali. Sisi tulidhani ni bahati. Tangu siku ile, adhuhuri na alasiri, alitawadhia pale, mgongo kwa kabati, na kwa maji ambayo sisi tungeyamwaga hivyo tungechapwa. Macho ya kinyonga yakatuna tena, nami nikarudi kula.

Masika yalipofika mihogo ilikuwa ikisukuma wavu, kabati halikuitosha tena. Tukafungua milango, na kinyonga akatoka kwa mwendo wake, akachukua karibu asubuhi nzima kufika kwenye michongoma. Sikulia. Nilikuwa nimemtunza, na alikuwa mzima. Lakini Bibi aliendelea kuketi pale kwenye kabati tupu.

"Bibi, mgeni si keshaondoka?" Zuhura alimuuliza.

"Nani aliyekwambia nilimfuata yeye? Hapa pana kivuli."

Hapakuwa na kivuli chochote.

Mambo mengine niliyasikia nikiwa mtu mzima, kwenye arobaini ya Bibi, tukipepeta mchele na mama mdogo. Bibi alizaliwa Mkange. Akiwa mdogo kuliko nilivyokuwa mimi siku zile, kinyonga alionekana kwenye paa la nyumba yao, na siku hiyohiyo mdogo wake wa kunyonya akafariki. Watu wakayaunganisha mambo hayo mawili mbele yake. Tangu hapo, akikutana na kinyonga shambani, alitupa jembe na kukimbia, hata alipokuwa mama wa watoto.

"Tuliposikia mmefuga kinyonga kwake," mama mdogo alisema, "tulijua ni uongo wenu wa kitoto."

Niliendelea kuchagua mawe kwenye mchele. Miaka yote nilidhani alikipa kitu kile mgongo kwa kuwa alikichukia. Kumbe asingeweza kukitazama. Alikuja hivyo hivyo, akaketi nacho karibu kiasi cha kusikia kikitembea, akatawadha huku moyo ukimwenda mbio, kwa sababu mtoto aliyeachwa kwake alikuwa amepata kitu cha kuita chake. Nimeishi na watu wengi wema tangu wakati huo, na sijaona mwingine aliyenipenda huku akiogopa kiasi kile.