Diski Iliyokataa Kuonekana

Najisifu, wala sioni haya: katika shule yetu ya Masama, miaka ile intaneti bado ya kufuatwa Moshi mjini, mimi ndiye niliyeweka Linux, programu ya bure ya kuendeshea kompyuta, kwenye mashine ya msaada iliyowashinda mafundi wawili wanaume.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, diski yake nzito kama tofali, imeungwa kwenye kadi yake ya pekee ndani ya mashine. Kila nilipoanza kuweka Linux, skrini iliniambia hakuna diski. Mkuu wa shule akatoa neno: ikifika Ijumaa haijafanya kazi, chumba cha kompyuta kinarudi kuwa stoo ya mahindi. Nami nilishawaahidi wanafunzi wangu. Hasira zikanipanda, na mbele ya walimu wote nikamtupia lawama mama mchapaji wa shule, kwamba ameiharibu kwa kuipangusa na kitambaa kibichi. Alitaka kusema kitu, nikamkatiza.

Jioni nilisoma upya maelezo niliyochapisha mjini, nikauona upumbavu wangu. Kadi za zamani hazijitambulishi zenyewe. Lazima uiandikie Linux namba mbili za kadi, ndipo iione diski. Hakuna kilichoharibika. Namba hizo zilikuwa kwenye karatasi iliyokuja na kompyuta, na karatasi sikujua ilikokwenda.

Asubuhi nilikata jani la isale mpakani mwa kihamba chetu, shamba la ukoo, nikalipiga fundo. Kwetu anayeletewa isale hana budi kusamehe, lakini anayelipeleka huonekana na kila mtu. Nilipita nalo uwanja mzima wa shule, wanafunzi wakinitazama.

"Shikamoo mama. Nimekukosea."

"Marahaba." Akalipokea. "Haya, sasa nisikilize. Jana nilitaka kukuambia hii ninayo." Akachomoa karatasi kwenye kitabu chake cha nyimbo za kanisa. "Karatasi ya kitu kipya mimi siwezi kuitupa."

Niliandika zile namba. Taa ya diski ikawaka, diski ikakoroma, na jina lake likajitokeza kwenye skrini. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Mkuu wa shule akaja, walimu nyuma yake, akauliza nani ameiweza. Nilishafungua mdomo kujitaja, mama mchapaji akaniwahi.

"Ni binti yangu huyu."

Walikuwa walimu walewale ambao mbele yao nilikuwa nimemwaibisha. Nilijivuna mpaka machozi yakanitoka.